Inveta ya Kampuni Moja, Betri ya Kampuni Nyingine: Mwongozo Kamili wa Kuziunganisha

Jua liko utosini, paneli zinazalisha vizuri, betri mpya ukutani ina chaji ya asilimia 80. Gridi inakatika. Taa zinaendelea kuwaka kwa betri na friji inanguruma kama kawaida, lakini inveta ya sola iliyokuwa ikitoa kilowati 4 imezima, na kioo chake kinaonyesha kosa la gridi. Saa zinapita, betri inashuka, na jua lote linapotea bure.

Hali hii nimeikuta katika nyumba nyingi, na karibu kila mara mwenye nyumba huwa ameshaambiwa kwamba inveta yake ya zamani haipatani na betri mpya, kwa hiyo anunue nyingine ya kampuni ileile iliyotengeneza betri. Mara nyingi si kweli. Inveta ya kampuni moja inaweza kufanya kazi miaka mingi na betri ya kampuni nyingine, mradi vifaa hivyo viwili vimewekewa makubaliano. Mwongozo huu unahusu makubaliano hayo: yanawekwa wapi, kwa namba zipi, na unayapimaje kabla hujayaamini.

Kuna onyo moja kabla ya yote. Waya za paneli zina umeme wa DC wa mamia ya volti maadamu kuna mwanga, hata ukizima kila swichi ndani ya nyumba. Ndani ya inveta kuna kapasita zinazoshika umeme kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Betri ya lithiamu ya volti 48 haikurushi kwa shoti ikiguswa kama AC ifanyavyo, lakini spana ikiangukia vituo vyake viwili, chuma kinayeyuka. Kazi za kwenye bodi kuu ya umeme afanye fundi mwenye leseni. Soma mwongozo huu ili ujue cha kumuuliza na cha kukagua, au kama wewe ndiye fundi, ujue cha kutoruka.

Nani anaongoza, nani anafuata

Inveta ya kawaida ya sola ni mfuasi. Haiwezi kuanzisha umeme wa AC peke yake. Inasikiliza wimbi la gridi, inalifuata, kisha inasukumia umeme wake juu yake. Gridi ikitoweka, inveta hiyo inapaswa kuacha mara moja ili isiendelee kuwasha waya ambazo mafundi wa shirika la umeme wanadhani ni mfu. Kanuni ya IEEE 1547 inaipa sekunde 2 tu. Ndiyo maana inveta ya yule mwenye nyumba ilizima. Ilikuwa inatii.

Inveta ya betri iliyo na uwezo wa kufanya kazi bila gridi ni kiongozi. Inaweza kutengeneza wimbi lake yenyewe, likiwa na volti na masafa yake. Kwa masafa nina maana ya idadi ya mizunguko ya wimbi hilo kwa sekunde: 50 Hz katika sehemu kubwa ya dunia, 60 Hz Marekani na nchi nyingine kadhaa. Mfuasi akilisikia wimbi la kiongozi, na likawa ndani ya mipaka anayoikubali, anadhani gridi ipo na anaanza kuzalisha. Mfumo huu, ambamo sola na betri vinakutana upande wa AC, ndio unaoruhusu kuchanganya kampuni. Njia ya pili ni kukutana upande wa DC, ambako paneli zinachaji betri kupitia kidhibiti chaji. Ni njia nzuri, na nitairudia, lakini huko inveta yako ya zamani haina kazi.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Sehemu kubwa ya matatizo utakayosoma hapa chini yanatokana na vifaa viwili kudhani kila kimoja ndicho mkubwa. Kabla ya kufunga chochote, andika kwenye karatasi: gridi ikiwapo nani anaamua betri ichaji lini, nani anapunguza sola, nani anazuia umeme usirudi kwenye gridi; na gridi ikikatika, nani anatengeneza wimbi. Kila swali liwe na jibu moja tu.

Hatua ya kwanza: hesabu ya nguvu

Chukua namba tatu: nguvu ya juu ya inveta ya sola upande wa AC, nguvu endelevu ya inveta ya betri, na mkondo wa juu ambao betri inakubali kuchajiwa.

Fikiria gridi inakatika saa sita mchana. Inveta ya sola inatoa kilowati 5, nyumba inatumia wati 300. Zile 4,700 zilizobaki hazina pa kwenda isipokuwa ndani ya inveta ya betri, kinyumenyume, hadi kwenye betri. Na zinafika hapo papo hapo, kabla mtu au programu yoyote haijapata nafasi ya kuamua. Kama inveta ya betri ni ya kilowati 3, itazima kwa kuzidiwa na nyumba itakuwa gizani. Kwa hiyo nguvu ya inveta ya sola isizidi ile ya inveta ya betri. Victron, kampuni inayotengeneza inveta za betri, wanaiita kanuni ya Factor 1.0, na hata kama kifaa chako ni cha kampuni nyingine, fizikia ni ileile.

Sasa betri. Pakiti moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 inahifadhi takriban kWh 5.1. Nyingi za ukubwa huo zimewekewa kikomo cha kuchaji cha ampea 50. Zidisha: 51.2 mara 50 ni wati 2,560. Pakiti moja haiwezi kupokea zile wati 4,700. Pakiti mbili sambamba zinafika wati 5,120 na zinaweza. Watengenezaji wana kanuni zao, na hutofautiana sana. Victron wanataka angalau kWh 4.8 za lithiamu kwa kila kilowati 1.5 za paneli. Tesla kwa Powerwall 2 yenye kWh 13.5 wanaruhusu hadi kilowati 7.6 za sola gridi ikiwa imekatika. Fuata kitabu cha betri yako, na ukikuta namba mbili zinapingana, chukua iliyo kali zaidi.

Ikiwa sola yako ni kubwa kuliko hesabu inavyoruhusu, usikate tamaa wala usinunue betri ya ziada kwa haraka. Igawe. Inveta moja ya sola iwekwe upande wa akiba, yaani ule unaoendelea kupata umeme gridi ikikatika, nyingine ibaki upande wa gridi. Kanuni ya nguvu inahusu tu ile iliyo upande wa akiba, kwa sababu ile ya upande wa gridi itazima yenyewe gridi ikikatika.

Hatua ya pili: mahali pa kuunganisha

Inveta nyingi za betri zina pande mbili za AC: uingiao kutoka gridi, na utokao kwenda kwenye mizigo ya akiba. Katikati kuna rilei, swichi inayojiendesha, inayotengana gridi ikipotea. Inveta ya sola unayotaka ifanye kazi wakati wa kukatika lazima iwe upande wa kutokea. Ukiiacha kwenye bodi kuu, upande wa gridi, hakuna mpangilio wa programu utakaoisaidia. Nimeona watu wakipoteza siku nzima kwenye menyu ilhali kosa lilikuwa ni waya mmoja uliofungwa upande usio wake.

Ukiihamishia upande wa akiba, kagua mambo haya:

Rilei ya ndani ya inveta ya betri ina kikomo cha ampea. Umeme wa sola unaorudi gridi na umeme wa gridi unaoingia kwa mizigo yote hupita hapo.

Baa ya bodi ya akiba, yaani kipande cha chuma kinachogawa umeme kwa breka, sasa inalishwa kutoka pande mbili. Breka ya gridi ya ampea 63 na breka ya sola ya ampea 25 zinaweza kupitisha ampea 88 kwenye baa moja bila breka yoyote kuruka. Ikiwa baa ni ya ampea 63, inaungua huku kila kifaa cha kinga kikiona mambo ni shwari. Tumia baa kubwa zaidi au punguza breka kuu.

Nyutro na ethi. Gridi ikiwapo, muunganisho wa nyutro na ethi hutoka huko. Rilei ikitengana, upande wa akiba unabaki unaelea, na kifaa cha kukata umeme unaovuja hakiwezi kukulinda ipasavyo. Inveta nyingi za betri zina rilei ya ndani inayounganisha nyutro na ethi pale tu gridi inapotengana. Hakikisha ipo na imewashwa, na hakikisha hakuna muunganisho mwingine wa kudumu upande wa akiba. Viwili kwa wakati mmoja ni kosa, hakuna kabisa ni kosa. Baadhi ya inveta za sola hupima hali hii kabla ya kuanza. Isipokuwa sawa hukataa kuwaka, na mtu anafikiri tatizo ni masafa.

Upande wa DC wa betri, kilowati 5 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 104. Waya mnene, mfupi, fyuzi karibu kabisa na betri, na kila boliti ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Fyuzi iwe ya aina inayoweza kukata mkondo wa shoti wa lithiamu, ambao ni wa maelfu ya ampea. Fyuzi za bei rahisi za magari haziwezi.

Hatua ya tatu: masafa

Hapa ndipo mfumo unapokufa au kupona, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Gridi imekatika, betri imefika asilimia 100, jua bado linawaka. Kiongozi anapaswa kumwambia mfuasi apunguze. Atamwambiaje, ikiwa ni wa kampuni mbili na hakuna waya wa mawasiliano kati yao? Anapandisha masafa. Kutoka 50 Hz anakwenda 50.3, 50.8, 51.5. Mfuasi akiona masafa yamepanda anajua kuna umeme mwingi kuliko matumizi, na anapunguza uzalishaji. Lugha hii haihitaji intaneti, kebo wala itifaki. Inapita katika waya uleule unaobeba umeme.

Lugha ina lahaja, hata hivyo. Ujerumani kwa mfano, kanuni za zamani ziliagiza inveta za sola zizime mara moja masafa yakifika 50.2 Hz. Inveta zilipokuwa chache hilo halikumsumbua mtu. Zilipokuwa nyingi, ikaonekana kwamba gridi ikigusa 50.2 mchana wa jua kali, gigawati nyingi zingetoweka kwa mpigo. Mwaka 2012 ikatolewa amri ya kurekebisha inveta zilizokwisha fungwa. Inveta za enzi hiyo ambazo hazikurekebishwa bado zipo, zinauzwa mitumba, na ukiifunga moja nyuma ya betri utaona inawaka na kuzima kama taa ya ishara.

Kanuni mpya za huko, VDE-AR-N 4105, zinataka inveta ianze kupunguza kwenye 50.2 Hz kwa asilimia 40 kwa kila 1 Hz, na ijiondoe ikivuka 51.5. Fanya hesabu. Kutoka 50.2 hadi 51.5 ni 1.3 Hz, mara 40 ni asilimia 52. Maana yake, kabla tu ya kujiondoa inveta bado inatoa asilimia 48 ya nguvu iliyokuwa nayo. Ilikuwa na kilowati 5, sasa ina 2.4. Betri imejaa, nyumba inatumia wati 600. Zile wati 1,800 za ziada haziwezi kwenda popote, kiongozi anazidi kupandisha masafa, mfuasi anajiondoa kabisa, anasubiri dakika nzima au tano kulingana na mpangilio, anarudi, na mchezo unaanza upya. Watu wengi wanaishi na hali hii bila kujua. Wanachoona ni kwamba sola "inasumbua" betri ikijaa.

Dawa yake ni kubadilisha wasifu wa inveta ya sola, yaani seti ya mipaka yake ya volti na masafa, kutoka wa gridi kwenda wa gridi ndogo. Fronius wanauita MG50 kwa nchi za 50 Hz na MG60 kwa zile za 60 Hz; kampuni nyingine hutumia majina kama kisiwa au nje ya gridi. Katika wasifu wa namna hii upunguzaji unaendelea hadi sifuri kabla ya kujiondoa. Mipangilio ya kawaida ya Victron kwa 50 Hz ni mfano mzuri: sola inaanza kupungua kwenye 50.2, inafika chini kabisa kwenye 52.7, na inajiondoa kwenye 53. Kiongozi na mfuasi wote wawekewe namba zilezile. Ikiwa kiongozi wako anapandisha hadi 52 tu na mfuasi anahitaji 52.7 kufika sifuri, betri itasukumwa kupita kikomo chake.

Lakini kuna sharti. Wasifu wa gridi ndogo una mipaka mipana ya volti na masafa ambayo shirika la umeme linaweza kuikataa kwa inveta iliyounganishwa na gridi. Mara nyingi menyu hiyo hufungwa kwa namba ya siri ya fundi kwa sababu hiyohiyo. Uliza kwanza ni wasifu upi unakubaliwa mahali ulipo inveta ikiwa nyuma ya kifaa cha kutenganisha gridi. Kama huruhusiwi kuubadilisha, punguza nguvu ya sola upande wa akiba kiasi kwamba hata ile asilimia 48 isilete madhara.

Na inveta ya zamani sana isiyojua kupunguza? Inaweza kutumika. Weka kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, kwenye waya wake wa AC, iendeshwe na rilei ya kiongozi: ikate betri ikifika asilimia 95, irudishe ikishuka hadi 85. Hutapata ulaini, lakini betri itakuwa salama.

Hatua ya nne: betri na kiongozi wake

Kompyuta ndogo ya betri, BMS, inapaswa kumwambia kiongozi mambo matatu muda wote: volti ya mwisho ya kuchaji, mkondo wa juu wa kuchaji, na mkondo wa juu wa kutoa. Mara nyingi hupita kwenye waya wa mawasiliano uitwao CAN kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde. Kichwa cha RJ45 kinafanana na cha mtandao wa kompyuta, lakini mpangilio wa pini hautabiriki. Pylontech hutumia pini ya 4 na ya 5 kwa CAN. Wengine wana zao. Usichomeke kebo yoyote ya mtandao kwa kudhani zote ni sawa.

Kwa nini mkondo huo ni muhimu hivi? Kwa sababu haukai namba moja. Seli za LFP (lithiamu, chuma na fosfati) hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na BMS nzuri hushusha kikomo hadi sifuri kwenye baridi. Betri ikikaribia kujaa, ampea 100 zinaweza kuwa 10. Kiongozi asiyesikia mabadiliko hayo ataendelea kusukuma, BMS itakata betri kabisa ili kuzilinda seli, na kiongozi atabaki bila chanzo huku sola ikiwa imewaka upande wa pili. Hapo volti ya AC hupaa ghafla, na vifaa vya nyumbani ndivyo vinavyolipa.

Angalia pia kwamba idadi ya seli inalingana na mpangilio. Betri za seli 15 na za seli 16 zote huitwa "48". Ukichaji ya seli 15 kwa volti 56, ambazo zinafaa ya seli 16 kwa volti 3.5 kwa seli, umezipa seli zake zaidi ya volti 3.7 kila moja.

Hatua ya tano: waya wa mawasiliano kati ya kiongozi na mfuasi

Gridi ikiwapo, masafa hayawezi kutumika kumwamuru mfuasi, kwa sababu gridi ndiyo inayoyashika. Ukitaka kuzuia umeme usirudi gridi, au kuona uzalishaji kwenye kioo kimoja, unahitaji mawasiliano.

Itifaki ya SunSpec juu ya Modbus, kanuni ambazo vifaa hutumia kusomana namba, ndiyo karibu zaidi na lugha ya pamoja. Fronius, SMA, SolarEdge na wengine wengi wanaielewa, ingawa mara nyingi lazima uiwashe kwenye menyu. Kupitia mtandao inatumia poti 502. Ukisoma rejista (visanduku vya namba ndani ya kifaa) kuanzia 40000 na kukuta herufi SunS, umefika mahali sahihi. Mpe kila kifaa anwani ya IP ya kudumu kwenye ruta, la sivyo siku umeme wa ruta utakaporudi anwani zitabadilika na mfumo utanyamaza. Namba ya kitambulisho cha Modbus pia huwapoteza wengi: ya Fronius kwa kawaida ni 1, SMA kwa SunSpec ni 126.

Kwa RS485, mawasiliano ya waya mbili zinazoitwa A na B, pitisha waya kutoka kifaa hadi kifaa kwa mnyororo mmoja, usitawanye kama matawi. Weka kizuizi cha omu 120 kila mwisho. Kisha zima vyote, shika multimita, pima kati ya A na B. Ukisoma karibu omu 60, mnyororo una ncha zote mbili. Ukisoma 120, moja imesahaulika. Ukisoma 40, kuna mtu ameweka ya tatu. Kipimo hiki hakichukui dakika moja, na hufanya kazi vilevile kwenye CAN. Kama vipimo ni sawa lakini hakuna mawasiliano, badilisha A na B. Kampuni hazikubaliani ipi ni ipi, na kuzigeuza hakuharibu kitu.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike: amri ya kupunguza inayopita kwenye kebo mara nyingi ina muda wa kuisha. Kebo ikichomoka, inveta nyingine hubaki ilipoamriwa, nyingine hurudi kwenye nguvu kamili. Kwa hiyo usiifanye kebo kuwa kinga pekee ya betri. Kebo ni ya siku njema. Masafa ni ya siku mbaya. Weka masafa kwanza, yapime, ndipo uongeze kebo.

Hatua ya sita: klampu za kupimia mkondo

Klampu ya CT inakaa kwenye waya wa fezi mahali umeme unapoingia nyumbani, kabla ya tawi lolote, na mshale wake unafuata mwelekeo uliochorwa kitabuni. Mara moja nilikamilisha kazi jioni nikiwa nimechoka, nikaondoka bila kupima. Klampu ilikuwa imegeuka. Betri ilidhani nyumba inarudisha umeme gridi, ikajichaji; ilipojichaji, umeme ulioingia ukaongezeka, nayo ikasoma kwamba unaotoka umeongezeka, ikajichaji zaidi. Usiku kucha ilivuta gridi kwa nguvu yake yote. Tangu hapo siondoki kabla ya jaribio la birika: zima sola, simamisha betri, soma namba ya gridi, washa birika la umeme la kilowati 2. Namba iongezeke kwa kiasi hicho, kwa alama ya kununua. Ikishuka, geuza klampu. Isipobadilika, iko kwenye fezi nyingine.

Ikiwa inveta ya sola nayo ina klampu yake na kipengele cha kuzuia kurudisha umeme, umewaweka mafahali wawili. Betri inafukuza sifuri, sola inafukuza sifuri, na namba inayumba juu chini bila kutulia. Ama zima cha sola na umwachie kiongozi, ama viachanishe: betri ilenge kununua wati 50, sola ianze kupunguza pale tu umeme unaorudi unapovuka kikomo ulichoruhusiwa. Nafasi kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoleta utulivu.

Hatua ya saba: siku ya majaribio

Chagua siku ya jua, betri ikiwa kati ya asilimia 50 na 60. Zima kompyuta na vifaa vya thamani.

Kata breka ya gridi. Taa zisizime, au zipepese tu. Inveta ya sola itazima; subiri bila kugusa kitu, sekunde 60 hadi 300. Irudi yenyewe. Isiporudi, soma kosa kwenye kioo: la masafa au volti maana yake mipaka yake ni myembamba, la ethi maana yake rudi kwenye rilei ya nyutro.

Ikiisha kurudi na kupanda, washa birika. Liache lichemke nusu, kisha lizime ghafla, macho yako yakiwa kwenye kioo cha inveta ya betri. Kwa nukta moja utaona kilowati 2 zikirukia betri na volti ya DC ikipanda kidogo, kisha kutulia. Rudia mara tatu. Hili ndilo pigo ambalo mfumo utalipata kila siku maisha yake yote, na ni heri ukaliona mwenyewe ukiwa umesimama hapo.

Jaribio la mwisho linahitaji betri iliyojaa. Ama isubiri ijae, ama shusha kwa muda kikomo cha kuchaji kwenye menyu ya kiongozi. Tazama masafa: 50.0, 50.2, kisha yanapanda taratibu huku uzalishaji ukishuka, hadi sola ilingane na matumizi ya nyumba. Mfumo mzuri hutulia mahali fulani, tuseme 52.3, na kukaa hapo. Mbovu hupanda, hukata, husubiri, hurudi. Katika hali hiyohiyo chomoa kebo ya mawasiliano na uone kama kuna kinachobadilika. Hakipaswi kubadilika.

Saa za ukutani zinazofuata mizunguko ya umeme zitakwenda mbele katika masafa ya juu, na baadhi ya UPS za kompyuta zitayakataa na kuhamia betri zao. Hilo la pili hurekebishwa kwa kupanua mipaka ya UPS.

Mambo mawili ambayo hujitokeza baadaye

La kwanza ni betri kuisha usiku gridi ikiwa imekatika. Asubuhi jua linachomoza, lakini hakuna kiongozi wa kutengeneza wimbi, hivyo sola haiwaki, hivyo betri haichajiwi. Weka akiba ambayo kiongozi haruhusiwi kuigusa gridi ikiwapo; asilimia 20 ni mwanzo mzuri, zaidi pale gridi inapokatika kwa siku nyingi. Na kama una nafasi juu ya paa, weka mstari mmoja mdogo wa paneli kwenye kidhibiti chaji upande wa DC. Kifaa hicho huchaji betri bila kuhitaji wimbi lolote, na ndicho kitakachoamsha nyumba asubuhi. Ningeweka pesa hapo kabla ya kununua pakiti nyingine ya betri.

La pili ni jenereta. Ikiwashwa na sola ikaisikia kama gridi, umeme unaozidi utasukumwa ndani ya jenereta, ambayo haina njia ya kuupokea. Tumia rilei ya kiongozi kukata kontakta ya sola kila jenereta inapowaka.

Mwishowe, chukua kalamu isiyofutika na kipande cha lebo. Andika wasifu wa nchi uliochagua, namba za masafa za kuanza, kufika chini na kujiondoa, volti ya mwisho ya kuchaji, anwani za IP, na toleo la famwea (programu ya ndani) la kila kifaa, pamoja na tarehe. Ibandike ndani ya mlango wa bodi. Masasisho ya famwea huweza kurudisha wasifu wa kiwandani bila kukuuliza, kwa hiyo kila baada ya sasisho fungua mlango huo, linganisha namba, kisha kata breka ya gridi na urudie jaribio la birika la hatua ya saba.